CD ya bibi ina faili tano, image yake imetoka na sita

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nina CD yenye faili tano. Nimeinakili kwenye laptop bila kuongeza wala kupunguza kitu. Nakala imetoka na faili sita.

Sijakosea kuhesabu. Nimehesabu mimi, kahesabu shangazi yangu, kahesabu na baba mkubwa akiwa amevaa miwani. Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu. Pale nisipojua nitasema sijui, na ni pengi.

Nirudi nyuma.

Niko Songea, nafundisha jiografia sekondari. Si mtu wa IT. Linux niliiweka baada ya kuchoshwa na virusi vya flash za wanafunzi, ndipo nikajifunza amri mbili tatu za terminal.

Kwetu ni Maposeni. Kwenye shamba la ukoo kuna makaburi mawili ya zamani, moja juu na moja chini. Moja ni la babu, jingine la mdogo wake. Misalaba ya mbao iliungua kwa moto wa kusafishia shamba, mimi sijazaliwa.

Mwaka huu ukoo ukaamua kumjengea babu kaburi. Saruji ikashushwa, fundi akapatikana, padre akaombwa aje kubariki.

Sasa lipi ni la babu?

Baba mkubwa Longinus anasema la juu. Mdogo wake, Shangazi Kanisia, anasema la chini, na kwamba bibi mwenyewe alilitaja kabla hajafariki. Ushahidi wake ni CD. Kitinda mimba wao, marehemu baba mdogo Osmund, alimrekodi bibi akisimulia mambo ya ukoo, akachoma CD. Shangazi alikuwepo, ndiye aliyemshikia bibi kikombe cha chai.

Mtaelewa uzito wake. Ukishamwaga zege na kuandika jina, vitukuu watakuja kumwombea mtu mwingine.

Nikampigia Shangazi, anakaa Ruhuwiko. "Hiyo CD usimpe mtu wala usiicheze, nakuja Jumamosi kuitolea image."

Akauliza image ndiyo nini.

Nilikuwa na haraka. "Ni picha yake, Shangazi. Picha kamili."

Kosa langu hilo.

Jumamosi nafika, shikamoo, marahaba, nakabidhiwa karatasi ngumu inayong'aa.

"Nimekupunguzia kazi," anasema. "Picha nimeshatoa steshenari. Nimeipiga na lamination."

Alikuwa ameitoa CD fotokopi. Duara, tundu katikati.

"Shangazi, hii haiwezi kusema."

"Kwani ulisema itasema? Ulisema picha."

Si hivyo tu. Alipotoka steshenari aliona CD ina alama za vidole, akaifuta kwa spiriti pande zote mbili. Maandishi ya Osmund yakaondoka yote, CD ikabaki kama kisahani.

Nikachomeka drive ya CD niliyoazima shuleni. Faili tano: ukoo, ndoa, njaa, shamba, sala. Tukasikiliza zote. Bibi anaongea Kingoni, anachanganya na Kiswahili, anakohoa, anacheka. Makaburi hayagusi.

Baba mkubwa, aliyekuja kuhakikisha, akasimama. "Umesikia, Kanisia? Mama hakusema. Uliota wewe."

Nilikuwa nafunga laptop nilipoitazama tena ile fotokopi. Mwandiko wa Osmund ulikuwa umetoka vizuri kabisa:

"Mama. Vipande 6."

Nikamwomba baba mkubwa akae kidogo. Nikaandika:

sudo dd if=/dev/sr0 of=bibi.iso bs=2048

Kwa wasioijua, dd hainakili faili moja moja. Inaisoma CD sekta kwa sekta kuanzia mwanzo na kuiandika yote kama faili moja. Hiyo ndiyo image. Ikaenda, drive ikaanza kukwaruza, ikakata: Input/output error.

Nikajua ni ile spiriti. Nikaifungua hivyo hivyo, nusu nusu, kwa kujaribu tu:

sudo mount -o loop bibi.iso /mnt
ls /mnt

Faili sita. Ya sita inaitwa makaburi.mp3.

Narudi kwenye CD: tano. Narudi kwenye image, tena iliyokatika njiani: sita. Nikarudia dd kwa jina jingine, nikalinganisha kwa md5sum, amri inayotoa namba ya utambulisho ya faili, zikalingana herufi kwa herufi. Yaani nakala mbovu imeizidi CD nzima. Nilikaa naangalia skrini kama nimesahau kusoma.

Tukaicheza. Bibi anasema taratibu: wa chini, penye mawe matatu, ndiye baba yenu. Wa juu ni shemeji yangu.

Shangazi akanishika mkono. "Rudisha. Rudisha hapo alipokohoa."

Nikarudisha mara nne.

Baba mkubwa akavua miwani. "Mwalimu, siku hizi kompyuta zinatengeneza hata sauti za marehemu, nimeona kwenye simu. Kama mama alisema, mbona kwenye CD haipo?"

Swali la haki kabisa. Naonekana nimeghushi sauti ya bibi yangu, na mwenyewe sielewi imetoka wapi.

Nikatoka nje, nikampigia mwenzangu anayefundisha kompyuta. Akacheka kwanza. Kisha akanieleza kwamba CD inaweza kuchomwa kwa awamu, wao wanaita session. Kila awamu inakuja na orodha yake ya faili, na kompyuta inasoma orodha ya mwisho tu. Mtu akiacha faili nje ya orodha mpya, faili yenyewe inabaki palepale, haionekani tu. dd yangu ilisoma awamu ya kwanza, ikakwama kwenye pengo kabla ya awamu ya pili. Kumbe image yangu ilikuwa ni CD kama ilivyokuwa zamani.

Akanipa amri ya kuifungua awamu ya kwanza kutoka kwenye CD yenyewe. Nikazifuta image zote mbili mbele ya baba mkubwa, nikampa CD aiingize kwa mkono wake:

sudo mount -o ro,sbsector=0 /dev/sr0 /mnt

Sita. Tukaisikiliza hadi mwisho, safari hii kutoka kwenye CD.

Baba mkubwa akavaa tena miwani yake. Kisha akamwambia dada yake, bila kumtazama, "Haya. Jengeni la chini."

Fundi ameshaanza msingi.

Nilichojifunza: kama una CD ya zamani yenye sauti ya mtu wako, itolee image kabla ya kuifuta au kuicheza cheza. Andika md5sum yake mahali, weka nakala kwenye flash na kwa ndugu wa mbali. Ikikwama, tumia ddrescue, inayoruka sehemu mbovu na kuokoa zilizobaki. Usiamini orodha unayoonyeshwa. Na mzee wako akiuliza image ni nini, mweleze taratibu, ingawa bila ile fotokopi tungeshaondoka.

Ila kuna kitu kinaninyima raha, wataalamu nisaidieni.

Jana nimeendesha blkid, ile inayoonyesha kila awamu ilichomwa lini. Ya kwanza inasema mkesha wa Noeli, na kwenye rekodi bibi anauliza nani atampeleka misa ya usiku. Kwa hiyo saa ya kompyuta ya Osmund ilikuwa sawa.

Awamu ya pili, ile iliyoficha makaburi, inasema miezi minne baada ya sisi kumzika Osmund.

Saa ya kompyuta inaweza kuruka hivyo? Inawezekana ilichomwa kwenye mashine nyingine yenye tarehe mbovu? Mwenye uzoefu aseme, hata kunikosoa ruksa.

Maana Shangazi anasema alikabidhiwa CD siku ya kuanua matanga ya Osmund, akaifungia kabatini, na ufunguo hajawahi kumpa mtu.