Kila Mmoja na Chaneli Yake

Siku bosi wangu aliponiambia nimtoe mama yangu mkubwa kwenye wimbo, nilikuwa nimeshaijua mikisa ile, mashine ya kuchanganyia sauti, kuliko yeye, na sote wawili tulilijua hilo. Ndiyo maana aliniambia kwa ukali.

Studio yake iko Arua, juu ya duka la mabati, kando ya barabara iendayo Koboko. Niliingia pale kwa kazi ya kukunja nyaya na kuchemsha chai, nikazikunja miaka miwili. Kisha bosi akanunua mikisa ya dijitali, ile yenye skrini katikati na chaneli thelathini na mbili, na mafundi wake wawili wakawa wanaigusa kama mtu anayegusa mbwa wa jirani. Mimi nilichukua kitabu chake cha maelezo nikakisoma nyumbani ukurasa kwa ukurasa, na kila asubuhi nilifika kabla yao nikajaribu nilichosoma. Mafundi hao baadaye walihamia Kampala. Sikupewa kiti chao; kilibaki wazi nikakikalia. Mpaka leo wateja wanaingia, wananikuta nimeketi mbele ya mikisa, wananiuliza fundi yuko wapi. Nawaambia waketi wamsubiri, kisha naanza kazi.

Kikundi chenyewe kilitoka Koboko. Ni wanawake saba wa Kinubi, wanaoimba doluka, nyimbo za ngoma za kuita na kujibu, kwenye harusi tangu sijazaliwa. Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, ndiye aliyetunga nyingi ya nyimbo zao, na ndiye aliyenilea. Siku hizi harusi za Koboko zinakodi mtu wa muziki na spika zake, na kina mama wanaambiwa waimbe kidogo wakati yule bwana anakula. Jambo hilo liliwauma. Kiongozi wao, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alinipigia simu.

"Kama spika nachukua kazi yetu," alisema, "sisi taingia ndani ya spika."

Nilimpelekea bosi wimbo mmoja niliokuwa nimeunasa kwenye simu. Aliupenda mara moja. Kabla hata haujaisha alikuwa ameshapiga simu kwa redio moja ya mjini akawaahidi kazi hiyo Ijumaa. Halafu akausikiliza mara ya pili, akakunja uso.

"Iko mutu moja pale nachelewa," alisema. "Wengine namaliza kujibu, yeye ndiyo naanza."

"Ile iko mama mkubwa yangu," nilimjibu.

Nilimweleza kwamba mwaka juzi aliugua, upande mmoja wa mdomo ukawa mzito, na tangu hapo maneno yanamtoka polepole. Bosi alisema pole, na naamini aliisema kwa moyo. Kisha akaendelea.

"Basi wewe rekodi wao moja moja, na hedfoni, na mdundo ya kompyuta. Halafu sisi natoa yeye. Hapana jua, yule. Wazee hapana sikia vizuri."

Kumtoa ni jambo dogo kwenye mikisa. Mtu akirekodiwa peke yake, sauti yake inakaa kwenye chaneli yake, na ukibonyeza kitufe kimoja ni kana kwamba hakuzaliwa. Lakini kilichonichoma si kitufe. Ni lile neno kwamba hatajua. Mwanamke aliyetunga wimbo aondolewe kwenye wimbo wake mwenyewe, kisha atabasamu akiusikia redioni, akidhani yumo. Nilimwambia bosi kwamba siafiki. Akaniambia studio ni yake.

Wakaja Jumanne asubuhi, na gurbaba zao, zile nguo za kujifunga zilizodariziwa, na ngoma yao, na mikate iliyofungwa kwenye kitambaa. Nilitaka kuwafurahisha, basi nikaita kazi ya zamani iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya mikisa. Ukiita hivyo, feda zote, vile vidude vya kupandisha na kushusha sauti, husogea zenyewe na kwenda mahali pake. Kina mama wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja.

"Hii iko na jini?" kiongozi aliuliza.

"Iko na mota, mama."

"Jini yake jina Mota," alisema, na wenzake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Bosi hakucheka. Alimtia kiongozi peke yake kwenye chumba cha kurekodia, akamvisha hedfoni juu ya mtandio, akawasha mdundo wa kompyuta. Kiongozi alisimama tu. Tulimwona kupitia kioo akitazama huku na huku. Bosi akamwambia kwa kipaza sauti aimbe.

"Mimi nikiita, nani najibu?" aliuliza. "Ile ukuta?"

Alijaribu. Aliita mara moja, akangoja jibu, jibu halikuja, mdundo ukampita. Akaita tena, ukampita tena. Mara ya tatu alivua hedfoni akaiweka kitini taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

"Hii kitu hapana ngoja mutu," alisema.

Na hapo ndipo penye siri yenyewe, ambayo bosi hakuisikia ingawa ilisemwa mbele yake. Doluka ya kina mama hawa humngoja mtu. Mpiga ngoma wao humtazama Mama Mkubwa mdomoni. Akiona neno bado halijatoka, anachelewesha pigo kidogo, kiasi cha pumzi, na wimbo mzima unasimama kwa ajili yake, kisha unaendelea. Wamefanya hivyo tangu alipougua. Hakuna aliyeitisha mkutano.

Bosi alikuwa na kazi ya kufunga spika kwenye sherehe Ombaci, na gari lilikuwa linamsubiri chini. Aliniita pembeni. "Mimi narudi saa kumi," alisema. "Nataka kila mutu na chaneli yake. Unasikia? Kila mutu, chaneli yake."

Alipoondoka, Mama Mkubwa alinijia pale kwenye mikisa. Alinyoosha kidole kwenye skrini bila kuigusa.

"Bosi yako nasema mimi nachelewa?"

Singeweza kumdanganya. Nilimwambia ndiyo.

"Iko kweli," alisema. "Mdomo yangu nachoka. Yeye nataka toa mimi?"

Nikasema ndiyo tena. Kiongozi alikuwa nyuma yake, na alisikia.

"Nani naambia yeye sisi nataka toa mutu?" kiongozi aliuliza. Hakupandisha sauti. Wenzake waliacha kufungua mikate.

Nitasema wazi nilivyojisikia: nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja kitu. Lakini mikisa ile nimeisomea kwa shida, na mwenye hasira akivunja sufuria analala njaa mwenyewe. Nilikaa nikafikiri. Bosi ametaka kila mtu na chaneli yake. Vizuri. Atapata.

Kitabu cha maelezo kina ukurasa mzima juu ya namna ya kuzuia sauti ya mmoja isiingie kwenye maikrofoni ya mwenzake. Watu wakae mbalimbali, kinasema. Weka vizuizi kati yao. Tumia milango ile ya kielektroniki inayofunga maikrofoni wakati mwenyewe kanyamaza. Niliusoma ukurasa ule upya nikafanya kinyume chake, mstari kwa mstari. Niliondoa vizuizi vyote. Nilipanga viti duara moja, magoti yakagusana, ngoma katikati. Nilifungua ile milango yote. Kisha nikamwekea kila mama maikrofoni yake, saba, na ya nane kwa ngoma, nikabandika majina ya chaneli kwenye skrini kwa unadhifu ambao hata bosi angeusifu. Mama Mkubwa nilimpa ya saba.

"Mama zangu," niliwaambia, "leo imbeni kama mko nyumbani."

Tulingoja malori mawili ya kwenda Koboko yapite, nikawasha kurekodi. Walianza na ule wimbo wa kumtania bwana harusi aliyekuja na jamaa arobaini na mbuzi mmoja. Kiongozi aliita. Wote wakajibu. Mama Mkubwa akajibu nyuma yao, peke yake, kwa sauti iliyokwaruza, na pigo la ngoma likamngoja. Nilikuwa nimesikia wimbo ule maisha yangu yote, ila sikuwahi kuusikia kwa spika nzuri, kila pumzi mahali pake. Nililia, na sioni haya kusema. Tulisimama kwa sala ya adhuhuri, tukala mikate, tukarekodi nyimbo nne zaidi. Saa tisa waliondoka ili wafike kwao mapema.

Bosi alirudi saa kumi kama alivyosema, na vumbi la Ombaci kwenye viatu. Alitazama skrini, akaona majina saba na ngoma, akafurahi.

"Umeona?" alisema. "Wewe iko na kichwa ngumu, lakini kazi najua."

Nikampisha kiti. Aliusikiliza wimbo wa kwanza akitikisa kichwa, akabonyeza kitufe cha kuzima chaneli ya saba. Taa nyekundu ikawaka. Mama Mkubwa akaendelea kuimba.

Bosi aliangalia taa. Akabonyeza tena, akazima upya. Mama Mkubwa alikuwa anasikika kwenye chaneli ya sita. Bosi akazima ya sita, akamkuta kwenye ya tano. Akazima ya tano na ya nne na ya tatu na ya pili, na kila alipozima alipoteza mama mmoja ambaye hakuwa na kosa lolote, na yule aliyekuwa anamtafuta hakutoka. Alipozima ya kwanza, kiongozi naye akawa mbali, na ikabaki ngoma tu. Ndani ya maikrofoni ya ngoma, hafifu kidogo, nyuma ya wenzake wote, Mama Mkubwa alijibu, na ngoma ikamngoja.

Ili kumtoa yeye, ilibidi atoe wimbo. Na redio ilishaahidiwa.

Wimbo ukaisha. "Hii wewe nafanya kusudi," alisema bosi.

"Ndiyo, bosi. Kusudi."

Aligeuza kiti akanielekea. Nilijua anaweza kunirudisha kwenye chai na nyaya jioni ileile, na nilikuwa nimeshaamua kwamba sitarudi. Halafu akageukia mikisa, akanyoosha kidole aziwashe tena chaneli, moja moja.

Nilimwambia aanze na ya saba.