Kubadilisha Jina Hakutoshi

Vijana wa kanisani kwetu wanaotunga hadithi wamenipa daftari, wanataka niwaandikie vile mtu anaanza. Mimi shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona makosa, pitieni juu. Niko na jambo moja tu, na hilo nililijua nikiwa nimechelewa.

Hapa kwetu kuna mwethya: majirani wanashikana, leo wanachimba matuta kwa shamba la huyu, wiki ijayo kwa la mwingine. Mgongo wangu haukuwa mzuri (niliangushwa na punda, tuachane na hiyo), basi kazi yangu ikawa kusimulia wengine wakichimba. Walinipenda. Kupendwa kunapumbaza mtu.

Kati ya wachimbaji alikuwa jirani yangu, mjane. Jioni moja niliingia kwake kuomba moto, nikaona amepakua sahani mbili za muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na yuko peke yake, moja ameifunika kitambaa. Sikuuliza. Nikaenda nikatunga, nikawasimulia shambani, mama mlafi anayejipakulia mara mbili, ya pili anaifunika ili Mungu asione. Jina nikabadilisha, nyumba nikaihamisha mpaka Ekalakala, nikadhani nimemaliza. Lakini kitambaa nilikiacha vile kilivyokuwa, cha bluu, maua yameshonwa pembeni, kwa sababu hapo ndipo watu walicheka zaidi. Na wanawake wote pale walikijua. Alikuwa amekishona mbele yao.

Siku hiyo naye alikuwa hapo akichimba. Alimaliza kipande chake, akapangusa jembe, akaenda. Zamu yake ilipofika tukakuta lango limefungwa.

“Rudini,” akasema. “Hili nitachimba mwenyewe.”

Akalichimba peke yake misimu miwili, nami nikimwona kutoka kwangu. Mke wangu ndiye aliniambia ile sahani ilikuwa ya mtoto wa huyo mjane, aliyeenda Mombasa kutafuta kazi na habari zake zikapotea. Kila jioni alimpakulia, endapo atatokea.

Sasa nyinyi, mkiona kitu kwa nyumba ya mtu, kabla ya kukicheka ulizeni ni cha nani. Hadithi ya mlafi ni rahisi, mtu yeyote anaweza kuitunga. Ile nyingine ilikuwa nzuri zaidi, na ilikuwa mbele yangu, bado inatoa mvuke. Niliikosa, na jirani nikamkosa.

Mwaka huu ndio nilienda kwake. Akanipa chai, tukaongea mambo ya mvua, nikazungukazunguka mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikasema nilimkosea, na kwamba kuna vijana wanataka niandike, kama atakubali.

“Ulisimulia vizuri, mzee,” akasema. “Hata mimi karibu nicheke.”

Akachukua kikombe changu, akamwaga ile chai baridi, akanijazia nyingine.

“Andika. Lakini weka pia kwamba kutoka kwako mpaka kwangu ni kuruka ua tu, na miaka yote hiyo haukuja.”

Nimeweka.