Aliyeiuliza Mashine Mara Tatu

Mimi ni mtu wa Kisauni, na hasira zangu zilijulikana Changamwe kabla hata jina langu halijajulikana. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nimeyapanga mambo nionekane mwema. Katika kisa hiki mwema ni mtu mwingine.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa msimamizi wa kompyuta katika kampuni ya malori ya kubeba makontena, na ofisi yetu ilikuwa ya mabati, nyuma ya yadi, vumbi likiingia mpaka ndani ya kibodi. Kompyuta zilikuwa tatu, lakini yenye maana ilikuwa moja tu, ile iliyochapa hati za kutokea getini. Bila hati, lori halitoki. Chini yangu alikuwapo dada mmoja wa Likoni, aliyechukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Baba yake hakuweza tena kufanya kazi, wadogo zake wawili walikuwa shuleni, na nyumba nzima ilikuwa ikingoja kusikia kama ataandikwa kazi ya kudumu. Hayo niliyajua baadaye sana. Nilichokijua wakati ule ni kwamba karatasi ya kusema anafaa au hafai ningeijaza mimi.

Siku hizo programu tulizotumia zilitufikia mbichi. Zilikuwa maandishi matupu ya mtunzi wake, na ilibidi tuzikompaili wenyewe, yaani tuyageuze maandishi yale yawe lugha ya mashine, ndipo zifanye kazi. Kazi hiyo ina vyombo vyake, navyo pia ni programu: kuna kompaila inayogeuza maandishi, kuna kiunganishi kinachoshikanisha vipande, na kuna kile kinachopanga kipande kipi kitangulie. Mtunzi huandika mwanzoni anahitaji toleo lipi la kila chombo. Sisi wengine tuliyasoma maelezo hayo kama watu wanavyosoma masharti nyuma ya tikiti ya basi. Dada yule aliyasoma mstari kwa mstari, akachora jedwali katika daftari la shule, kisha akaanza kuihoji mashine.

Kila chombo alikiuliza mara tatu. Upo? Unakaa wapi? Toleo lako namba ngapi? Majibu akayaandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri ambao mimi sijawahi kuwa nao.

Siku moja nilimwuliza kwa nini haridhiki na jibu la kwanza. Akacheka kidogo.

"Kaka, nawe si mtu wa pwani? Ukimwuliza mtu habari za nyumbani, yeye hukujibu nini?"

"Salama."

"Hata kama nyumba yawaka moto. Kwanza hukujibu salama, ndipo akwambie, ila mtoto yuko hospitali. Na mashine hii wallahi ishazoea maji ya hapa. Jibu la kwanza ni adabu tu. Habari yenyewe yaja nyuma."

Nilicheka, nikayachukua kuwa maneno ya kupitishia muda. Leo nakiri kwamba sijasikia mtu akiieleza kazi ile vizuri zaidi, na nimewasikia wengi wenye shahada.

Ikaja Alhamisi moja. Meneja aliingia asubuhi akasema programu mpya ya getini iwe tayari Ijumaa mchana, kwa kuwa Jumamosi makontena yangeanza kumiminika kutoka bandarini. Nikampa dada kazi hiyo saa tatu. Saa nne nikapita mezani pake, nikamkuta na daftari lake, bado anauliza.

"Dada, tunakompaili au tunapeleka posa? Mbona wauliza ukoo mzima?"

"Kuuliza si ujinga, kaka."

"Si ujinga, lakini kuchelewa ni ujinga!" nikafoka, hata wenzetu wa ofisi ya jirani wakachungulia. Nikarudi kwenye meza yangu, na kwa moto uleule nikaichukua ile karatasi, maana meneja aliitaka siku hiyo. Palipoulizwa mtumishi amejifunza wapi na ana ujuzi gani, nilipaacha wazi. Chini nikaandika: ana adabu, ila ni mzito wa kazi, simpendekezi. Nikaipeleka mwenyewe.

Niliporudi nilisimama nyuma ya kiti chake. "Vipi, tuko sawa?"

"Salama, kaka, ila..."

"Basi." Nikainama, nikabonyeza kitufe cha kuanzisha kazi kwa mkono wangu. Kompaila mpya nilikuwa nimeiweka mimi mwezi uliopita, kwa hiyo sikuona la kuulizwa.

Mistari ilishuka kwenye kioo kwa zaidi ya saa tatu. Saa nane ikakatika. Kosa. Nikaanza upya, nikiitukana mashine kama mtu anayenisikia, na ilipokaribia magharibi ikakatika palepale. Siku nzima ilikuwa imekwenda na maji.

Dada aliweka daftari mbele yangu. Kwenye mstari wa kompaila alikuwa ameandika: ipo, inakaa mahali pa zamani, toleo la zamani.

"Ile mpya yako ipo, nimeiona," akasema. "Ila yakaa chumba cha nyuma. Mashine ikibisha hodi, anayefungua ni yule mkongwe wa mlangoni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nalianza kukwambia, kaka. Nawe ulikuwa ushabonyeza."

Niliona haya, na sijui neno jingine la kuliita lile nililoliona. Nilitamani anilaumu, hata anizomee. Hakufanya hivyo.

Ijumaa alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ametoka Likoni na kivuko cha mapema. Aliionyesha mashine njia ya kompaila mpya. Akagundua kwamba hata kiunganishi kilikuwa cha kale, jambo ambalo mimi sikuwa na habari nalo, akaweka kipya. Kisha akaviuliza vyombo vyote upya, mara tatu kila kimoja, na safari hii mimi ndiye niliyeshika kalamu. Alipobonyeza kitufe hakukikodolea macho kioo kama nilivyofanya mimi. Alifungua mahamri yake, akanikatia nusu, akala kwa utulivu. Nami nikala yangu. Saa sita kasoro hati ya kwanza ilitoka kwenye printa, safi, na lori likapita getini.

Nikaenda kwa meneja. Alinipa mkono, akanisifu. Mezani pake palikuwa na barua ya kumwachisha dada kazi, imekwisha pigwa chapa, imebaki sahihi tu.

"Ile karatasi niliyokuletea ina makosa," nikasema.

"Makosa gani? Uliandika ni mzito, na jana siku nzima imepotea. Si kweli?"

Hapo ningeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. "Imepotea kweli, lakini aliyeipoteza ni mimi. Yeye alilijua kosa tangu saa nne asubuhi. Mimi ndiye sikumwacha amalize kusema."

Meneja akaivuta ile barua akaitia kwenye droo. Akanipa karatasi nyingine kama ile ya kwanza. "Ijaze vizuri. Nataka sababu za kumwajiri, si sifa tupu."

Nilikaa nayo mezani pangu. Amejifunza wapi? Ana ujuzi gani mwingine? Amefanya kazi wapi kabla ya hapa? Tulikuwa tumekaa chumba kimoja karibu miezi mitatu, nikala hata chakula chake, na sikuwa na jibu la swali hata moja. Nikainuka na karatasi ikiwa tupu, nikavuta kiti mbele yake, nikaanza kumwuliza.