Tepu Nyekundu Mahali pa Fyuzi

Siku tuliyomzika Tepu waliniomba niseme machache juu yake, kwa kuwa nilikaa naye yadi moja miaka ishirini na miwili. Nikasimama, nikasema alikuwa fundi, nikakaa. Watu wakadhani machozi yamenikaba. Hayakuwa machozi. Basi nitasema hapa nilichopaswa kusema pale, na anayetaka kukasirika akasirike.

Tepu alikuwa fundi wa umeme wa magari. Mimi ni fundi wa bodi, nanyoosha mabati, ndiyo maana wananiita Nyundo. Banda lake na langu yalitenganishwa na kiambaza cha bati lenye kutu, na makelele yangu yote aliyavumilia. Banda langu la kwanza lilipoungua, yeye ndiye aliyenimegea nusu ya lake bila kuniuliza nitakaa mpaka lini. Nataka mlijue hilo mapema, kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo.

Kwenye taa za mbele hakuwa na mpinzani. Mafundi wengine gari likija giza hukimbilia kununua balbu. Tepu alikuwa anakaa kwenye pipa lake la oili, anafuta mikono, anauliza kwanza: "Imekufa moja au zote mbili?" Ikiwa moja, anaanza na balbu. Zikiwa zote mbili, balbu haigusi. "Balbu si mapacha," anasema, "hazifi saa moja." Hapo anaangalia fyuzi, kisha relei, kisha swichi, kisha ule waya unaofungwa kwenye bodi ambao kutu huula kimyakimya. Kifaa chake kilikuwa balbu ndogo ya indiketa aliyoiunga na msumari. Anagusa hapa, inawaka. Anagusa mbele kidogo, inawaka. Pale inapokataa kuwaka, ugonjwa uko hapo nyuma ya kidole. "Waya haujui kusema uongo," alipenda kusema. "Mwenye gari ndiye anayejua."

Na kila kazi aliitia sahihi. Akimaliza kufunga kwa tepu nyeusi, juu yake anaweka kipande kifupi cha tepu nyekundu, ncha moja imekatwa mshazari. Binti yake wa pekee alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akikata vile vipande, akitoka shule, kwa mkasi wake wa shule. Alipokua na kuolewa, baba mtu aliendelea kuvikata vilevile. Gari likienda kwa fundi mwingine, fundi akiona wekundu ule anajua mkono uliopita.

Mkwe wake alikuwa dereva wa pikapu ya kusambaza maziwa. Kijana mpole, anayemwita Tepu "baba" na kusimama mpaka aambiwe akae. Wiki moja taa za pikapu zikaanza kukata fyuzi. Akiweka mpya, inakatika. Sasa fyuzi ni kitu kinachokubali kufa ili waya usiungue. Ikikatika mara tatu inapiga kelele kwamba kuna shoti mahali, itafute. Tepu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini mchana ule alikuwa na magari manne yanamsubiri, na mkwe alikuwa na safari ya alfajiri. Akachukua waya wa shaba, akausokota, akaupachika mahali pa fyuzi, akauzungushia kipande chake chekundu.

Nilikuwepo. Nikamtania: "Hiyo si fyuzi, hiyo ni nondo."

"Nondo haikatiki," akanijibu, tukacheka.

Mkwe akauliza, "Baba, iko salama kweli?"

"Zinawaka?"

"Zinawaka."

"Basi nenda. Ukipata nafasi rudi niitafute hiyo shoti."

Msituone wanyama. Hakuna fundi asiyewahi kufanya hivyo, na anayekataa ni mwongo. Lakini mkwe alirudi. Alirudi mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa kesho. Mara ya pili mimi ndiye niliyemwambia, maana Tepu alikuwa chini ya lori na alinipigia kelele nimjibu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hata matofali hatukupewa.

Wiki ya tatu, kabla hakujapambazuka, pikapu ikiwa kwenye kona, taa zote mbili zikazimika kwa pamoja. Mkwe alisema alisikia harufu ya plastiki inaungua, akakanyaga breki gizani. Kwenye ile kona palikuwa na mama mmoja mfagiaji wa barabara. Alikuwa akiifagia kona hiyo kwa miaka tisa. Alifia palepale, ufagio mkononi, na pikapu ikaenda kugonga nguzo.

Polisi wakasema dereva hakuwasha taa. Yeye akasema zilimzimikia. Hakukuwa na shahidi mwingine ila nyaya zenyewe. Zikionekana ziliungua njiani, atakuwa ni mtu aliyepatwa na balaa. Zikionekana zilikuwa nzima, ni muuaji mzembe. Binti akaja kwa baba yake, tumbo la mtoto wa tatu mbele yake, akapiga magoti kwenye ile sakafu ya oili.

"Baba, wewe ndiye utakayemtoa. Nenda ukawaonyeshe."

Familia ikaruhusiwa kuleta fundi wake, akague pamoja na mkaguzi wa magari. Mimi niliitwa kwa kuwa boneti ilikuwa imejikunja na haifunguki. Nikaitia mtaimbo, nikaikunjua. Jua la saa nne lilikuwa linamulika ndani ya injini, kila kitu wazi. Tepu akafungua kiboksi cha fyuzi. Niliuona ule wekundu kabla yeye hajaukinga kwa kivuli chake.

Simu ya mkaguzi ikaita, akageuka kutafuta mahali penye mtandao. Tepu akauchomoa waya wake, akaingiza kidole kwenye mfuko wa ovaroli anakohifadhi fyuzi mbovu, akachagua moja, akaipachika. Mikono yake haikutetemeka. Hilo ndilo ninalomchukia kwalo mpaka leo, Mungu anisamehe.

"Vipi, mzee?" mkaguzi akauliza alipogeuka.

"Afande, fyuzi imekatika. Waya umebanwa na bati gari lilipogonga nguzo, ndipo ukaungua. Kabla ya hapo ulikuwa mzima."

Mkaguzi akaandika. Mimi nilikuwa nimeshika mtaimbo. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na sikuisema.

Njiani Tepu akaniambia bila kuniangalia, "Watampa onyo. Ni kosa lake la kwanza." Nilipofika nyumbani na kumwaga vifaa vyangu nikaukuta ule waya kati ya patasi na riveti. Aliudondosha kwenye mkoba wangu. Kwa kukosea au kwa kunikabidhi, sijui, na sikumuuliza.

Mahakamani hakimu alimuuliza mkwe swali moja ambalo bado linanikosesha usingizi. "Mara ya mwisho taa zako zilitengenezwa na nani?" Mkwe akatuangalia. Tepu alikuwa amekaa katikati, binti upande mmoja, mimi upande mwingine. Kijana alimtazama baba wa mke wake, kisha akamtazama mke wake na lile tumbo, kisha akainamisha kichwa.

"Sikumbuki, mheshimiwa."

Miaka minne. Tukitoka, binti alimshika baba yake mkono, akamwambia, "Asante, baba. Angalau ulijaribu."

Tangu hapo Tepu alikataa kazi za taa. Honi alitengeneza, redio alitengeneza. Mteja akitaja taa anaelekezwa kwingine. Binti alihamia kwake na watoto. Siku moja nilijikaza nikamwambia, "Tepu, muda bado upo."

"Muda wa nini?"

"Unaujua."

"Nina wajukuu watatu wanakula kwangu, Nyundo. Nikiingia mimi ndani nani atawalisha?"

"Baba yao akitoka, atawalisha yeye."

Akaongeza sauti ya redio aliyokuwa akiitengeneza. Baada ya mwaka mmoja na miezi minane presha ilimwangusha akiwa ameinamia betri. Magereza haikumruhusu mkwe kuja kuzika.

Siku ya nne baada ya mazishi binti alikuja kulisafisha banda. Nilimsaidia kubeba. Alipoikuta ile balbu yenye msumari alilia, akaipangusa kwa khanga. Nikaenda upande wangu, nikachukua kopo la riveti, nikampa waya bila maelezo. Nilikuwa nimeyaandaa maelezo usiku kucha na yote yakanikimbia.

Hakuyahitaji. Aliigeuza ile tepu nyekundu mpaka akaiona ncha iliyokatwa mshazari. Akakaa kwenye pipa la baba yake.

"Ulitoka kwenye pikapu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mume wangu anajua?"

"Alisimama pale wakati unawekwa."

Akainua macho.

"Na wewe, baba mdogo? Ulijua?"

"Nilijua."

Akaufunga waya kwenye ncha ya khanga, akapiga fundo, akavaa viatu. Ofisi ya mkaguzi hufungwa saa kumi. Nikamwambia ngoja nivae shati, nikusindikize.

"Usijisumbue," akasema. "Utaitwa."