Telki ya Kwenda Konde

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, ami yangu wa Shumba alimfunza punda mchanga kwenda telki, ule mwendo wa haraka usiomtikisa mpandaji. Goti la ami lilikuwa halikunjiki, hata kupanda lori la abiria hawezi.

Fimbo hakuigusa. Kwanza alimzoesha mkono, akimsugua shingo na kumlisha maganda ya ndizi. Kisha hatamu, kisha matandiko matupu, kisha pakacha la nazi, mwisho yeye mwenyewe na kikombe cha maji mkononi. Maji yakimwagika, walirudi kwenye mwendo wa pole. Siku kikombe kilipofika njia kuu kimejaa, nilipiga vigelegele peke yangu kibarazani.

Ikaja ndoa ya mdogo wangu wa kike, aliyelelewa mjini Konde kwa bibi yetu. Baba alikwisha kufa na ndugu wa kiume hatuna, hivyo walii, wa kumuoza, ni ami. Aliapa kufanya hivyo kwa mkono wake. Akidi, kufungishwa ndoa kwenyewe, ilikuwa baada ya adhuhuri, na shehe hangengoja, alikuwa na ndoa nyingine baadaye.

Tukatoka, ami juu, mimi nikikimbia ubavuni.

"Salaam aleikum, Mzee!" akaita mkulima mmoja.

Punda akasimama tuli. Ami akaitikia, akauliza watoto, akauliza muhogo. "Haya, kwaheri." Punda akashika telki. Mbele kidogo salamu nyingine, akasimama tena. Hapo nikaelewa. Alifunzwa kwenye njia hii hii, na ami hajapata kumpita mtu bila kusimama, wala kuondoka bila kuaga.

"Ami, jua linapanda! Usiitikie!"

"Nisiitikie salamu? Una wazimu?"

Nikatangulia mbio, buibui mkononi. "Ami anakwenda kuoza! Msimsalimu, muageni!"

"Tumuage naye hajafika?" akacheka muuza samaki.

"Muageni tu!"

Wakajipanga kando ya njia. "Kwaheri, Mzee! Kwaheri, bwana punda!" Telki ikanyooka hadi Konde, kofia ya ami imemwenda upande, meno yote nje.

Watoto wa mjini nao wakadaka: "Kwaheri! Kwaheri!" Ami akavuta hatamu, wapi! Punda akaelekea kuupita mlango wa bibi.

"Mshikeni!" nikapiga kelele.

Shehe akatokeza barazani kutazama kuna nini. "Salaam aleikum," akasema.

Punda akasimama pale pale. Ami akaitikia kwa ukamilifu, akashuka, akaweka kofia sawa.

"Bwana harusi yuko wapi?"