Makopo Matano ya Mpungate

Majivu yakimwagiwa maji hutoa harufu ambayo sijapata kuipenda, na wala sijaweza kuikimbia. Juzi nilikuwa napita Singida mjini nikamkuta mama mmoja muuza miche akichanganya udongo kwenye beseni: mchanga, changarawe, samadi kidogo, majivu. Akanyunyiza maji. Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya mpaka akaniuliza kama nanunua au nashangaa. Nikamwambia nashangaa. Pembeni yake alikuwa amepanga vikopo vyenye mipungate midogo aliyoiotesha kwa mbegu, ya kuweka sebuleni, na watu wananunua kitu ambacho kwetu kililiwa na ng'ombe. Lakini sikumcheka. Kama kuna mtu asiye na haki ya kumcheka anayeotesha mpungate kwa mbegu, ni mimi.

Nilizaliwa upande wa Mtinko, kwenye boma lililozungushiwa mipungate ya miiba, mirefu kumpita baba yangu. Ilikuwa ndiyo ukuta wetu na lango letu. Mtu akiuliza njia aliambiwa, "Nenda mpaka uone mipungate," na hakupotea. Matunda yalipoiva yakawa mekundu, mama aliyaangusha kwa fimbo, akayasugua mchangani kwa ufagio wa nyasi mpaka vile vimiiba visivyoonekana vikaisha, ndipo akanimenyea. Alikuwa mnene, mama yangu, mwenye nywele nyingi za kusuka na kicheko kinachosikika mpaka kisimani. Mbegu za mpungate ni ngumu kama kokoto na ukizila nyingi tumbo hufunga. Mama alinionya, mimi nikala, kisha nikakaa vichakani asubuhi nzima nikijuta huku yeye akinicheka kutoka uani.

Sikuwa nimeanza shule alipougua kifua. Alikohoa msimu mzima wa kiangazi, halafu baba akamfunga mzigo wake, wakaondoka kwenda hospitali ya misheni, mbali, mwendo wa kulala njiani. Baba alirudi peke yake. Watoto hawaruhusiwi kwenda huko, alisema, na matibabu ni ya muda mrefu. Muda mrefu kiasi gani, hakusema, nami sikuuliza. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliwapa ng'ombe.

Mvua zikakataa. Mwaka ule baba alikata mipungate yetu, akaibabua motoni miiba ikaungua, akailisha mifugo, kila siku pande moja la ukuta, mpaka siku moja niliamka nikaona boma letu li uchi na mtu anaweza kutuona tunavyonawa uso. Niliokota matunda matatu yaliyosinyaa na kuyafunga kwenye pindo la gauni. Haikupita muda, likaja agizo la kuhamia kijijini, sote pamoja, tukae karibu na shule na kisima. Lori likaja. Tulipakia vyungu, kinu, mkeka na kuku, na baba akang'oa mlango, kwa sababu mbao zilikuwa ghali kuliko nyumba yenyewe.

Kijiji kipya kilipangwa kwa kamba. Nyumba zote zilikuwa za udongo ule ule, ukubwa ule ule, zimetazama upande mmoja, kama wanafunzi mstarini. Watu walisema imependeza. Wiki ya kwanza nilirudi kisimani, nikaingia ndani, nikatua ndoo, nikafunua chungu kuona kuna nini, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikasema, "Mwanangu, kwenu ni ya nne kutoka hapa." Walicheka mpaka jioni. Watoto wao wakaniita Nyumba ya Nne, na jina hilo likanishika mwaka mzima.

Mimi sikucheka, kwa sababu pale pale, nikiwa bado nimeshika mfuniko wa chungu cha watu, niliwaza: kama mimi ninayelala humu nimepotea, mama je? Aliondoka nyumba ikiwa na mipungate. Akirudi atakwenda Mtinko, atakuta magofu, ataita hakuna atakayeitika. Atadhani tumekufa, au tumemkimbia. Atarudi alikotoka.

Nilijaribu mara moja kumwambia baba. Alikuwa ametoka kumwona mama, kama alivyofanya kila baada ya miezi kadhaa, na kama kawaida alikuwa amesema, "Hajambo, anakusalimu," kisha akainamia mpini wa jembe.

"Baba, anaijua nyumba hii?"

"Ataijua."

Basi. Neno moja. Nililala nalo, likawa halitoshi kujifunika.

Ndipo nilipoamua kuotesha mpungate mlangoni. Ukikua, mama atauona tokea mbali, aseme ni pale. Nilikwenda kwa jirani yetu, Mama Shida, yule yule mwenye chungu, kuomba ushauri, na alicheka mpaka akakaa chini. "Mpungate haupandwi mbegu, wewe! Unakatwa, unatupwa, unaota wenyewe. Hata ukiuchukia unaota." Ni kweli, kila mtu kwetu anajua hivyo. Lakini pande la kutupa lingetoka wapi? Kijiji kizima hakikuwa na mpungate hata mmoja, njaa ya mifugo ilikuwa imeimaliza yote. Mimi nilikuwa na matunda matatu makavu na ubishi wangu, na ubishi ninao mpaka leo.

Sasa mbegu nilikuwa nazo. Udongo je? Darasa la kwanza letu lilikuwa ukuta mmoja na darasa la nne, na dirisha halikuwa na mbao, kwa hiyo tulisoma yetu na yao. Mwalimu wao wa kilimo aliwakaririsha kwa sauti: udongo ni wa aina tatu, kichanga, mfinyanzi, na tifutifu, na bora kuliko yote ni tifutifu. Nililishika hilo kama amri ya Mungu. Lakini nilikuwa mtu wa kuhakikisha. Niliokota makopo matano jalalani nyuma ya duka la kijiji, nikayatoboa chini kwa msumari.

La kwanza nilitia mchanga mtupu wa korongoni. La pili, mfinyanzi mweusi wa mbugani. La tatu ndilo nililolipenda: tifutifu ya kando ya shamba la shule, niliyoiiba, pamoja na samadi ya mbuzi iliyopondwa laini. La nne, udongo mwekundu na majivu ya jikoni. La tano lilikuwa la mabaki. Nilijaza changarawe iliyobanduka chini ya jabali, nikaongeza mchanga uliobaki na kiganja kimoja cha tifutifu. Nilipanda mbegu kumi kila kopo, nikayapanga mlangoni, nikaketi kuyatazama.

Niliyatazama miezi. Wenzangu walikuwa wanacheza rede kwenye uwanja wa mikutano, nasikia vicheko vyao, na mara ya kwanza walinipigia kelele, "Nyumba ya Nne, njoo!" Nilisema nina kazi. Mara ya tatu hawakuita tena. Sikuwa na hasira nao. Nilikuwa mpweke kwa namna ya mtu mwenye siri, ambaye akienda kucheza anaogopa siri itakufa akiwa hayupo. Baba alikuwa shamba la kijiji tangu asubuhi. Nilizoea kuzungumza na makopo, tena kwa Kinyaturu, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa cha shule.

Maji yalikuwa ya shida. Nilimwagilia kwa maji ya kunawia, na baba alijua, kwa sababu siku moja nilimwona akinawa kwa uangalifu mkubwa, beseni likiwa kati ya magoti, asimwage hata tone. Alilisogeza upande wangu, akaondoka.

Kopo la mfinyanzi lilipasuka nyufa na kuwa tofali. La majivu lilitoa ile harufu yake na ukoko mweupe juu. La mchanga lilikauka kabla sijageuka. La tatu, kipenzi changu, lilivimba, likaota ukungu wa kijani, kisha uyoga, kisha likanuka. Nilimchukia mwalimu wa kilimo. La tano halikunuka wala halikupasuka, lakini lilikuwa na balaa lake: magugu. Kila baada ya siku mbili tatu kilichomoza kigugu laini, chenye vijani viwili vinono kama vya mchicha, katikati ya changarawe. Nikaking'oa. Kikatokea kingine, nikaking'oa. Nilikuwa nimefundishwa kuwa palizi ndiyo nusu ya mavuno, na hakuna kopo lililopata palizi nchi hii kama lile. Nilichokuwa nangojea mimi ni mpungate, kitu bapa, chenye miiba, kama nilivyoujua.

Alasiri moja nilikuwa mlangoni nilipoona mwanamke anakuja kati ya nyumba, taratibu, akipumzika kila hatua chache. Alikuwa mwembamba sana. Kichwa kilinyolewa, kimefungwa kitambaa cheupe, na gauni lilimpwaya mabegani. Alisimama mbele yangu. Watoto wa kwetu hawangoji kuambiwa. Niliinuka, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

Uso wake uliwaka. Sijui namna nyingine ya kusema. Mikono ikainuka kidogo toka ubavuni. "Marahaba," alisema, kwa sauti ya kukwaruza, "marahaba, mwanangu."

Nikamwambia, kwa adabu zote nilizofundishwa, "Baba yuko shamba. Mama naye hayupo. Karibu usubiri."

Mikono ikashuka. Alisema ahsante, akaketi kwenye kigoda cha wageni. Nilimletea maji kwenye kata, akanywa akipumzika katikati. Akaniuliza makopo yale ni ya nini.

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo bila kucheka. Nilimweleza yote. Nilimweleza mchanga, mfinyanzi, tifutifu ya wizi, majivu. Nilimwambia kuwa ni kwa ajili ya mama yangu, maana anaumwa na akipona hataijua nyumba. Akaniuliza mama yangu yukoje. Nikamwambia ni mnene, ana nywele nyingi, akicheka anasikika kisimani, na ukimwona tu utamjua. Yule mgeni aliitikia kila neno kwa kichwa, kama anayesikia habari za mtu aliyepata kuishi naye zamani.

Huku nikiongea niliona gugu limechomoza kopo la tano, nikanyoosha mkono. Akanishika kifundo.

"Usiung'oe. Ndio mpungate wenyewe."

"Hili ni gugu."

"Tazama katikati ya hayo majani."

Nikainama. Kati ya vile vijani viwili vinono kulikuwa na kinundu kidogo kama kichwa cha sindano, na juu yake nywele nyeupe tatu nne. Nikagusa. Zilichoma.

Nilihesabu kichwani niliyoyang'oa, nikafika saba, nikaanza kulia. Nililia kwa hasira, na nikamwambia yule mama, kana kwamba kosa lilikuwa lake, kuwa sasa mama yangu atapita, atakwenda mpaka kwenye magofu, na ni mimi niliyemfukuza kwa mikono yangu. Alitaka kunishika, nikajitoa. Simjui.

Ndivyo baba alivyotukuta. Alitokea kwenye kona, jembe begani, akasimama. Jembe likateleza likaanguka, na hakuliokota.

"Mama Mwaju," alisema.

Mwaju ni mimi, Mwajuma. Nami, jamani, niligeuka kutazama nyuma yangu nione mama yangu anatokea wapi.

Alipona. Alinenepa tena kiasi, akasuka, ingawa kicheko hakikurudi chote. Kuhusu nyumba, baba alikuwa amemweleza siku nyingi, mstari upi, ya ngapi, na siku ile alipotelemka kwenye basi aliuliza tu, akaelekezwa na mtu wa kwanza. Kuuliza si ujinga, watu wazima wote wanajua hilo. Sikuwa nimefikiria kuwa mama ana mdomo. Baba naye, nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, hakuwa bubu kwa ukali. Nilichoogopa mimi ni kwamba mama hataiona nyumba. Alichoogopa yeye hakikuwa cha kumwambia mtoto, na alikibeba peke yake, shambani na nyumbani, hatua tatu kutoka kwangu, kila mmoja akidhani upweke wa nyumba ile ni wake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia pale pale kwamba ni yeye. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Ulikuwa unamsifu sana huyo mama yako," alisema. "Nikaona nimsikilize kwanza."

Nilitaka kucheka kama alivyotaka nicheke. Ila nilikuwa nimeshazaa, na nilijua ile mikono iliyoinuka ilikuwa inakuja kwa nani. Alikuwa ameusikia wito alioungojea mwaka mzima na zaidi kwenye kitanda cha hospitali, "mama," kutoka kinywani mwangu, na kwa pumzi moja hivi aliamini. Kumbe ulikuwa ule tunaompa kila mwanamke apitaye njiani.