Mbuzi wa Kumuaga Mzee Burale

Korti yetu hapa Buruburu, nyumba kadhaa zenye lango moja, ina sufuria moja kubwa ambayo si ya mtu. Hukaa kwangu, chini ya sinki. Tuliinunua kwa mchango mwaka wa tisini na tatu, na tangu hapo haijaingia nyama ambayo hakuichinja Mzee Burale.

Siku hizo mtaa huu ulikuwa na sifa. Ukisema unakaa Buruburu watu wanakutazama mara mbili. Vigae vyekundu juu ya kila nyumba, waridi mbele ya mlango, kina baba wakitoka asubuhi na tai zao. Mimi nilifika darasa la saba tu, nilikuwa nikishona sare za shule, na mume wangu Opicho alikuwa msimamizi katika kiwanda cha sabuni. Lakini nesi na meneja wa benki walinibishia hodi kuomba kitunguu kama ndugu. Mkono wa kushoto alikaa Wangu, huyo nesi. Mkono wa kulia Burale na mkewe Fadumo, Waislamu wa Isiolo, wenye duka la vitambaa Eastleigh.

Jambo la mbuzi lilianza na ubatizo wa binti yangu Ayuma. Opicho alileta mbuzi mzima kutoka soko la Kiamaiko, akaanza kunoa kisu. Burale akachungulia juu ya ua wa miba ya kayaba.

"Jirani, ukimchinja wewe, mimi nitabaki na harufu tu. Nikimchinja mimi, tutakula wote."

Alikuwa anacheka, lakini hakuwa anatania. Akazunguka na kisu chake. Akampa mbuzi maji kwanza, akafukuza watoto, akaficha kisu nyuma ya mgongo kisionekane na mnyama mpaka dakika ya mwisho. Basi ikawa hivyo. Ubatizo, posa, matokeo ya mtihani, hata matanga ya mume wa Wangu, mbuzi hakuguswa mpaka Burale aje. Krismasi aliamka kabla yetu sisi wenye sikukuu. Naye hakuomba paja wala maini. Mbavu mbili zilimtosha, na alinisumbua kila mwaka, "Mama Ayuma, chumvi imekwisha dukani?"

Kayaba ziling'olewa, ukuta ukajengwa. Waridi zikawa vibanda. Wengi waliuza nyumba wakaenda zao, tukabaki familia tatu za zamani. Mwaka jana mkono wa Burale ulianza kutetemeka, hata kikombe anashika kwa mikono miwili. Binti yake Hibaq akaamua wazee wahamie Eastleigh, kwenye nyumba yenye lifti, karibu na msikiti. Tukapanga kuwaaga Jumapili moja ya mwezi wa nane mwaka huu.

Niliporudi kutoka ibada siku hiyo, nilikuta mbuzi ananing'inia kwenye chuma cha kuanikia nguo cha Wangu, ngozi imetoka. Opicho alikuwa amekunja mikono ya shati, jasho na furaha.

"Baba Ayuma, nani amechinja?"

"Mimi. Mzee leo ni mgeni wetu. Na ule mkono wake, tumpumzishe."

"Na atakula nini?"

Opicho alinitazama. Nikaona jambo lenyewe likimwingia polepole, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka. Wangu akaketi kwenye ndoo. "Mungu wangu, na mimi ndiye nilishika miguu!"

Miaka thelathini na zaidi, na siku yake mwenyewe tulisahau. Tulikuwa tumezoea mno, tukadhani ni kazi tunayomtwika, kumbe ndiyo iliyomweka mezani petu. Nilisali pale pale nimesimama na Biblia mkononi, nikiomba asiondoke kwetu na njaa.

Lango likagongwa. Burale aliingia na kanzu nyeupe, Fadumo nyuma yake. Kwapani alikuwa na kisu chake kimefungwa katika gazeti. Alikuwa amekinoa.

Alimwona mbuzi. Kisha akautazama mkono wake. "Mmeona hauwezi tena."

"La, baba, si hivyo," Opicho akasema.

"Ni hivyo. Nanyi mmefanya kwa upendo, najua."

Fadumo akamvuta mumewe kanzu. "Twende, usiwahuzunishe watu."

Hapo nikakumbuka jogoo wangu, mzee kama sisi, anayelala nyuma ya tangi. "Baba Hibaq," nikasema, "sufuria bado ni safi. Sijaweka hata maji. Jogoo je?"

"Yule anayewika saa nane usiku?" Fadumo akauliza. "Huyo hata mimi nitasaidia kumchinja!"

Burale akacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akakohoa. Akafungua gazeti. Jogoo akapewa maji. Opicho akamshika mabawa, akapiga magoti kwenye saruji na suruali yake ya Jumapili. Mkono wa Burale ulitetemeka vibaya, nikafumba macho. Nikamsikia akisema Bismillahi. Nilipofumbua, kazi ilikuwa imekwisha, na kisu kimetulia.

Mbuzi alipelekwa kwa binamu za Opicho kule mtaa wa Jericho. Hakuna wa korti aliyetaka kumwonja. Jogoo mmoja, watu kumi na wanane. Nilimimina maji mpaka ikawa supu ya imani. Wangu alipata shingo, akalalamika kwamba amepewa sauti ya kuwika tu. Burale nilimpa kipande cha ubavu, kidogo kama kidole. Akaonja, akanitazama.

"Mama Ayuma. Chumvi."

Alipokuwa akiondoka alimshika Opicho bega. "Krismasi usiguse kitu."

Leo ni tarehe ishirini na nne. Opicho ametoka mara tatu kutazama barabara, ingawa Hibaq amepiga simu kwamba ndio kwanza wanashuka kwenye lifti. Mbuzi amefungwa hapa langoni, amekula waridi langu la mwisho. Sufuria nimeisugua. Nimeweka beseni la maji karibu naye, lakini sijampa. Hiyo ni kazi ya mwenyewe.